Pikapu Iliyokuwa Inalewa Njia ya Magu Tu

Hakuna gari linaloweza kunishangaza mimi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili tusisumbuane baadaye. Nimekuta gari linawashwa kwa ufunguo wa kabati la nguo. Nimefungua boneti nikakuta kuku ameatamia juu ya betri, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia chumbani kwake bila hodi. Nimetoa kambale hai kwenye rejeta ya mtu aliyekuwa anajaza maji ya ziwani kwa ndoo, na sikushangaa, nilimwuliza tu kama anamtaka au nimpeleke nyumbani kwangu. Alisema nimpeleke. Alikuwa mtamu.

Sasa nimestaafu. Mgongo ndio uliostaafu, mimi nimeufuata tu. Vijana wa gereji yetu pale Mabatini wameniomba niwaandikie niliyoyaona, wasije wakayarudia makosa ya mafundi wengine, maana yangu ni machache. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkato na nukta nimeziweka pale pumzi iliponiishia. Sitaandika nilikuwa napata kiasi gani kwa mwezi. Nina ndugu wengi Ukerewe na wengine wanajua kusoma.

Nilifika Mwanza nikitokea kisiwani na begi moja ambalo zipu yake ilikuwa pini. Fundi aliyenipokea alikuwa Mzee Ngassa, Msukuma mrefu, ovaroli yake imeingia oili mpaka ilikuwa inasimama yenyewe akiivua. Siku ya kwanza sikugusa spana. Kazi yangu ilikuwa kusimama upande wake wa kulia na kumrudishia maneno ya wateja kwa sauti kubwa, kwa sababu sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. La kushoto lilikuwa zima, lakini hakuwapa watu. Lilikuwa la injini.

Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Halafu anasema, "Vavu ya tatu." Tunafungua, vavu ya tatu. Mteja mmoja alimwuliza anasikia nini humo ndani. Nikampigia kelele swali, akajibu, "Mwambie inalalamika kuhusu yeye."

Mzee Ngassa alinipa vitu viwili. Cha kwanza ni hiyo bisibisi, alipoacha kazi na kurudi kwao. Cha pili ni neno moja alilokuwa analirudia kila siku mpaka likachosha: "Gari ni kama ng'ombe. Kabla hujalipasua, litembeze." Bisibisi niliishika vizuri sana. Lile neno nadhani lilibaki kwenye ovaroli yake.

Gereji ilipobaki mikononi mwangu, jambo la kwanza lilikuwa bango. Nilinunua bati zima, nikampa mchoraji wa mtaani, akaandika DAKTARI WA INJINI, chini yake HATUBAHATISHI, TUNAJUA. Nilimwomba achore injini imelala kitandani inapimwa. Alichora kiboko mwenye mimba. Nikamwambia hiyo si injini, akaniambia niisogelee kwa mbali. Nikaiacha. Kwa sababu ya mchoro ule, mama mmoja wa Mabatini aliniletea mbuzi asiyekula. Nilimwekea bisibisi ubavuni, nikasikiliza, nikamwambia mama ampe maji yenye chumvi. Mbuzi alipona. Daktari wa mifugo gani anaweza kufungua giaboksi? Hayupo. Nawauliza tu.

Basi tuje kwenye pikapu, maana ndiyo mliyoiulizia.

Ilikuwa ya Mama Koku, Mhaya, mfanyabiashara wa mchele. Mchele ananunua Magu, anauza mjini. Ni mama mwenye hesabu kichwani na sauti ya mwalimu mkuu. Pikapu yenyewe ilikuwa ya petroli, ya kabureta, imezaliwa kabla ya dereva wake. Mita ya kilomita ilikufa zamani, hakuna aliyekumbuka ikiwa hai, kwa hiyo Mama Koku alikuwa anapima kwa njia moja ambayo hata mimi naiheshimu: anajaza tanki mpaka mdomoni, gari linakwenda Magu na kurudi, anajaza tena mpaka mdomoni sheli ile ile. Kilichoingia ndicho kilichonywewa. Miaka yote zilikuwa lita kumi na nne. Ghafla zikawa ishirini na mbili.

Alikuja nayo gerejini asubuhi, watu wamejaa, dereva wake nyuma yake anatazama viatu. Dereva alikuwa anaitwa Masanja, kijana wa Kisukuma mpole, ameoa juzijuzi tu.

"Shikamoo, Fundi Magesa," Masanja alisema, kwa sauti ya mtu anayeaga.

"Marahaba."

"Fundi," Mama Koku alisema, "sikuja kuzunguka. Kuna mambo mawili. Ama gari linaumwa, ama huyu ananinyonyea mafuta kwa mpira na kuuza. Gari likiumwa, litibu. Gari likiwa zima, huyu nampeleka polisi na kazi hana. Wewe si daktari? Sema."

Hata jamaa wa kuziba pancha, jirani yetu pale gerejini, aliacha kugonga. Nikamtazama Masanja. Mikono yake ilikuwa inatafuta mifuko ambayo suruali ile haikuwa nayo. Nikachukua bisibisi, nikasikiliza injini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

"Gari linaumwa," nikasema.

Na kweli lilikuwa linaumwa, vijana, andikeni haya. Plagi zilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Hiyo ni dalili kwamba mafuta yanaingia mengi kuliko hewa. Ea klina, yaani chujio la hewa, ilikuwa imejaa vumbi la Magu na pumba za mpunga kiasi kwamba ningepanda mchicha ungeota. Kabureta, kidude cha choki kilikuwa kimeganda katikati, gari linadhani kila wakati ni asubuhi ya baridi. Matairi ya nyuma upepo umepungua, yanaburuzika kama kandambili. Na breki ya nyuma kushoto ilikuwa haiachii. Ukimaliza kuendesha, gusa rimu kwa nje, ikiwa ya moto kuliko mwenzake, hapo ndipo petroli yako inapoungulia. Nilisafisha, nikabadilisha, nikajaza upepo, nikaiachisha breki. Nikajaza tanki, nikaizungusha mwenyewe mpaka Butimba na kurudi mara kadhaa, nikajaza tena. Ilikuwa inakunywa kwa adabu, kama padri.

Mama Koku alipokuja kuichukua watu walikuwa bado wamejaa, na hilo ndilo tatizo la watu. Wakiwepo, mdomo wangu unapata nguvu za ajabu.

"Mama Koku," nikasema, "pikapu hii ikirudi na kiu, naling'oa bango langu lile pale, nakupa ukafunikie banda la kuku."

"Wote mmesikia?" aliuliza.

Walisikia wote. Hakukuwa na kiziwi hata mmoja siku ile. Mzee Ngassa angekuwepo, ningeyasemea kwenye sikio lake la kulia.

Pikapu ikaenda Magu. Ikarudi. Lita ishirini na moja.

Sasa hapo fundi wa kawaida angeshangaa. Mimi nilifikiri. Nikasema huenda ni upepo wa ziwa: gari likienda Magu linasukumwa, likirudi linazuiwa, na mchele ukiwa umepakiwa juu sana unakuwa kama tanga. Jamaa wa pancha akaniuliza upepo huo ulikuwa wapi miaka yote. Nikamwambia azibe pancha. Nikafungua kabureta tena, nikabadilisha gasketi ambayo haikuwa na kosa lolote. Nikaipeleka Butimba: kama padri. Ikaenda Magu: ishirini na mbili. Lilikuwa gari linalolewa upande mmoja wa mji tu. Ukilielekeza Butimba limeokoka, ukilielekeza Magu lina kilabu chake.

Mama Koku alikuja akasimama mlangoni, hakuingia hata ndani.

"Fundi, umefungua mara mbili. Gari ni zima au si zima?"

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu si jambo dogo, waliokuwepo wanakumbuka.

"Basi ni zima," alisema. "Masanja, leta ufunguo. Keshokutwa tunakwenda polisi, nenda kamuage mkeo."

Masanja akatoa ufunguo, lakini mkono ukagoma kuuachia. Machozi yalikuwa karibu. Nikamsogelea, nikamwambia apanue mdomo, kwa sababu anayenyonya petroli kwa mpira hunuka petroli mpaka Jumapili. Nikamnusa mbele ya watu wote. Alinuka kitunguu.

"Huyu hanyonyi," nikasema.

"Basi nani anakunywa? Wewe?"

Na hapo, sijui kwa nini, nikasikia sauti ya yule mzee kwenye sikio langu la kulia. Kabla hujalipasua, litembeze. Mimi nilikuwa nimelipasua mara mbili na nimelitembeza Butimba, yaani nimemtembeza ng'ombe kwenye malisho ambako haumwi.

"Mama Koku, nipe safari moja. Kesho nakwenda naye Magu. Nikirudi bila jibu, mpeleke, na bango chukua."

"Bango ni langu tayari," alisema. "Lakini nenda."

Masanja hakuifurahia habari hiyo kama nilivyotegemea. Asubuhi alinisalimia vizuri, halafu akaanza. Siti ya abiria ina springi imetoka, nitaumia. Nikasema nitaikalia. Mlango haufungi vizuri. Nikasema nitaushika. Vumbi ni baya kwa mtu mzima wa umri wangu. Hapo nikapanda, nikaikalia ile springi, na naomba ieleweke kwamba iliingia.

Tukapita Igoma vizuri kabisa, lami, gia ya juu, injini inaimba. Mimi bisibisi imo dashibodini, sikio langu moja liko kwenye mpini. Hakuna kosa. Tukakaribia Kisesa. Kabla ya kufika sokoni, Masanja akapunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama kulia kama mwizi wa embe, akakata kona akaingia njia ya vumbi.

"Tunakwenda wapi?"

"Njia ya mkato, Fundi."

Nimekaa Mwanza miaka mingi. Huo haukuwa mkato. Ilikuwa njia ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wanailalamikia. Gia ya kwanza, gia ya pili, gia ya kwanza. Tukapita kwenye majaruba ya mpunga, matairi yanazunguka kwenye tope bila kusogea, na kila yakizunguka mimi nasikia petroli ikiimba nyimbo za kuondoka. Mzee mwenye baiskeli aliyebeba nguruwe akatupita. Nguruwe akatutazama. Tukazunguka kilima kizima chenye mawe, tukateremka bonde, tukapanda tena, mpaka hatimaye tukatokea lami. Nikageuka nyuma. Soko la Kisesa lilikuwa pale pale, karibu kiasi kwamba nilisikia mtu anapunguza bei ya dagaa.

"Masanja," nikasema, "huu mkato umekata nini?"

Akazima gari. Akaweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, akaruka.

"Ni mkwe, Fundi."

"Mkwe nani?"

"Mama mkwe wangu. Nilipooa, alikuwa analima kijijini, ndani huko. Sasa miezi mitatu hii amefungua genge la nyanya pale sokoni, barabarani kabisa. Uso wake unatazama lami. Nikipita, tunaonana uso kwa uso. Fundi, wewe unajua."

Nilijua. Kwetu Ukerewe pia mkwe hachezewi, na kwa Wasukuma wanaoshika mambo ya zamani ni zaidi: mwanamume na mama mkwe wake wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Ni heshima. Lakini sijawahi kusikia heshima inayoingizwa porini ikiwa na tani moja ya mchele.

"Kwa nini hukumwambia Mama Koku?"

"Yule ni Mhaya, Fundi. Angecheka. Halafu angesema, heshima yako, mafuta yangu?"

"Na polisi?"

"Polisi nitatoka," alisema. "Kwa mkwe nitatokaje?"

Tulipakia mchele Magu. Wakati wa kurudi nikamwambia leo tunapita lami, lazima nipime. Akakataa kabisa. Basi nikatoa akili ya daktari: mimi nikashika usukani, yeye akalala nyuma kati ya magunia, nikamfunika turubai. Mkwe hatamwona, yeye hatamwona mkwe, heshima imelindwa. Mpango haukuwa na kosa hata moja, isipokuwa ekzosi.

Ekzosi ya pikapu ile ilikuwa na sauti yake, na mama mkwe alikuwa anaijua tangu ilipobeba vyombo vya harusi. Tulipokaribia soko nikamwona mama mmoja mnene kwenye genge anainua shingo, anasikiliza. Halafu akajitupia kanga kichwani na kuruka. Hakuchagua pa kurukia. Alipitia katikati ya meza yake mwenyewe, nyanya zikatawanyika lami yote, yeye akapotelea nyuma ya mikeka ya dagaa ya jirani. Nikakanyaga breki, kwa sababu mimi ni mtu mstaarabu. Hilo lilikuwa kosa. Gari likasimama pale pale juu ya nyanya.

"Mwambie asishuke!" mama akapiga kelele chini ya kanga.

"Mwambie sijashuka!" Masanja akapiga kelele chini ya turubai.

"Hajashuka," nikamwambia mama.

"Nimesikia! Mwulize leo kwa nini anapita huku? Mkwe wangu ni mtu mwema, siku zote anazunguka!"

"Mwambie nimelazimishwa!"

"Amelazimishwa," nikasema.

"Mwulize binti anaendeleaje?"

"Mwambie mzima, anakusalimia!"

Nilisimama katikati ya lami nikiwahamishia maneno watu wawili waliokuwa wanasikiana vizuri, kazi ile ile niliyoianza siku ya kwanza kwa Mzee Ngassa. Nyuma yetu malori yanapiga honi. Mtu mmoja akaokota nyanya akauliza bei.

Kumbe mama mwenyewe alikuwa anateseka. Alinieleza, bado amejifunika, kwamba kila gari lenye sauti mbovu likipita yeye yuko chini ya meza, wateja wanadhani ni mgonjwa. Kuhama genge hawezi; nafasi ya barabarani aliitafuta kwa shida.

Jioni tulimkuta Mama Koku gerejini anatusubiri, ameegemea nguzo ya bango kama mtu anayelinda mali yake. Nilimweleza kila kitu. Masanja alikuwa amesimama nyuma yangu, ana unga wa mchele mpaka kwenye nyusi. Mama Koku alisikiliza bila kupepesa. Kisha akasema polepole:

"Yaani mafuta yangu yote hayo yalikuwa yanatoa shikamoo?"

Na akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, mpaka jamaa wa pancha naye akacheka bila kujua sababu. Masanja akaanza kutabasamu kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Wewe si mwizi," alimwambia, akijifuta macho. "Wewe ni mjinga mwenye heshima. Kazi unayo. Lakini kuanzia kesho pikapu yangu inapita lami. Utafanyaje, shauri yako na daktari wako." Kisha akanigeukia. "Na wewe. Bango."

"Mama Koku, kiu ile haikuwa ya gari!"

"Uliapia kiu. Sababu hukuitaja."

Watu wale wale walikuwepo. Nililing'oa mwenyewe.

Hakulipeleka kwenye kuku. Asubuhi yake alilipakia kwenye pikapu, akanipakia na mimi na nyundo, tukaenda Kisesa, mimi usukanini, Masanja akiwa chini ya turubai. Bati zima lina upana wa kutosha. Tukalisimamisha kwenye nguzo mbili mbele ya genge, upande wa lami, mama mkwe akabaki nyuma yake na meza yake mpya, wateja wanazunguka kwa nyuma. Akaninong'oneza salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka, daktari," bila kutoa kichwa. Masanja akatoka kwenye turubai, akakaa kwenye usukani, akapita pale mbele ya genge, kwenye lami, kwa mara ya kwanza, kifua mbele, gia ya juu. Alipofika usawa wa bango alipiga honi mara moja, taratibu. Nyuma ya bati ikasikika sauti, "Marahaba, mwanangu!"

Safari ile, Magu na kurudi, pikapu ilikunywa lita kumi na nne.

Mnaweza kulikuta bango langu pale mpaka leo, kiboko anatazama barabara. Madereva wenye matatizo wanasimama, wanazunguka nyuma kumtafuta daktari wa injini, wanamkuta mama anawaambia daktari hayupo, nyanya zipo. Wengi wananunua. Mama mkwe anasema hajawahi kuuza kama sasa, kwa sababu mtu akiona kitu kimefichwa anadhani ni kizuri. Nitajieni fundi mwingine aliyewahi kutibu ulaji wa mafuta kwa kutumia mchoro. Siringi, nauliza tu.

Gereji haiwezi kukaa bila jina, kwa hiyo nilirudi kwa mchoraji yule yule. Nilimwambia safari hii achore injini. Alichora kiboko, ila huyu alikuwa ameshajifungua. Bati jipya na rangi, nguzo mbili za Kisesa na misumari, gasketi ile isiyokuwa na kosa, ndoo mbili za nyanya nilizozikanyaga nikiwa mstaarabu, na suruali moja iliyochanwa na springi: heshima ya Masanja kwa mkwe wake ilinigharimu mimi, Daktari Magesa, shilingi laki moja na elfu thelathini na saba na mia tano.